Zana za Ushirika: Programu za Huduma katika Kompyuta Ndogo za Awali

Mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili alinijia ofisini siku moja akiwa na huzuni kubwa. Katika flashi yake yalikuwamo mafaili ya vipimo vya mvua alivyovikusanya kwa miezi minane, naye, kwa haraka ya kutafuta nafasi, alikuwa ameyafuta yote. Nakala nyingine hakuwa nayo. Nilimwomba asiandike tena kitu chochote katika flashi ile. Kisha tulitumia programu ndogo iliyoandikwa na mtu tusiyemjua, ambaye aliitoa bure kwa kila mwenye kuihitaji. Baada ya nusu saa mafaili yalirudi, ila herufi ya kwanza ya kila jina ilikuwa imepotea. Mahali pa herufi hiyo, katika orodha ya flashi, palikuwa pameandikwa namba 229.

Namba hiyo ina historia. Ilikuwa ikifanya kazi hiyo hiyo katika miaka ya 1970, wakati wapenzi wa kompyuta huko Marekani walipoanza kujitengenezea mashine zao na kupeana programu za kuzihudumia. Katika makala hii tutaeleza programu hizo zilikuwa za namna gani, kwa nini zilihitajika, na jinsi tatu kati yake zinavyofanya kazi. Msomaji hahitaji kuwa mtaalamu wa kompyuta. Hesabu ya kujumlisha, kutoa na kugawanya yatosha.

KOMPYUTA TUPU

Mnamo Januari 1975 gazeti la Marekani liitwalo Popular Electronics lilitangaza kompyuta ya Altair 8800, iliyotengenezwa na kampuni ya MITS ya mji wa Albuquerque, katika jimbo la New Mexico. Bei yake, kwa mtu aliyekuwa tayari kuunganisha vipande kwa mikono yake mwenyewe, ilikuwa dola 397. Kabla ya hapo kompyuta zilikuwa mali ya serikali, mabenki, vyuo vikuu na makampuni makubwa. Sasa fundi wa redio au mwalimu wa hesabu aliweza kuwa nayo nyumbani.

Hata hivyo, kitu alichokipata mnunuzi huyo kilikuwa kama nyumba isiyo na milango wala vyombo. Prosesa yake, yaani kile kifaa kinachotekeleza maagizo, ilikuwa Intel 8080. Kumbukumbu yake ilikuwa baiti 256 tu. Baiti moja hutosha kuhifadhi herufi moja. Kwa hiyo kumbukumbu yote ya mashine ile isingeweza kubeba hata aya hii unayoisoma. Haikuwa na kibodi wala kioo cha kuonyesha maandishi. Ilikuwa na safu za swichi na taa ndogo mbele yake. Mtu aliyetaka kuingiza agizo alipandisha na kushusha swichi nane, moja kwa kila biti, kisha akabonyeza swichi ya kuhifadhi, akaendelea na baiti iliyofuata. Akikosea mahali pamoja, programu yote hukwama. Na umeme ukikatika, kazi yote hupotea.

Hapo ndipo hitaji la programu za huduma lilipojitokeza. Yafaa tutofautishe aina mbili za programu. Ziko programu za kazi, ambazo humpatia mtu jambo analolitaka: kutunza hesabu za duka, kuandika barua, kucheza mchezo. Na ziko programu za huduma, ambazo huitumikia kompyuta yenyewe: kunakili mafaili, kuorodhesha yaliyomo katika diski, kurekebisha palipoharibika, kuhamisha faili kutoka mashine hadi mashine. Kinu na mchi haviliwi, lakini pasipo hivyo hapana unga. Programu za huduma ni kinu na mchi wa kompyuta.

Mtu mmoja hakuweza kuziandika zote. Wapenzi wa kompyuta wakaanza kukutana. Tarehe 5 Machi 1975 watu wapatao 30 walikusanyika katika gereji ya Gordon French, huko Menlo Park, California, wakaanzisha chama kilichojulikana kwa jina la Homebrew Computer Club. Vyama vingine vilianzishwa katika miji mingi. Desturi ya mikutano ilikuwa rahisi: mwenye maarifa ayaeleze, mwenye programu ailete, na mwenye swali aulize.

Lakini kupeana programu kulihitaji kwanza mapatano juu ya namna ya kuibeba. Mnamo Novemba 1975 wataalamu walikutana katika mji wa Kansas City, kwa mwaliko wa gazeti la Byte, wakapatana juu ya njia ya kuhifadhi programu katika kaseti za kawaida za muziki. Tarakimu 0 iwe mitetemo minne ya sauti ya 1200 kwa sekunde. Tarakimu 1 iwe mitetemo minane ya sauti ya 2400 kwa sekunde. Kwa kuwa kila tarakimu ilichukua muda ule ule, kasi ilikuwa biti 300 kwa sekunde. Jambo dogo, lakini lilimwezesha mtu kurekodi programu kwa mashine ya aina moja na rafiki yake kuisoma kwa mashine ya aina nyingine.

NI MALI YA NANI?

Msomaji asidhani kwamba kugawana huku kulipita bila ubishi. Programu si kama jembe. Nikikuazima jembe langu, mimi nabaki bila jembe. Nikikupa nakala ya programu, yangu nabaki nayo kamili. Sifa hii ndiyo iliyofanya kugawana kuwe rahisi, na ndiyo iliyozusha ugomvi.

Bill Gates na Paul Allen walikuwa wameandika mkalimani wa lugha ya BASIC kwa ajili ya Altair, na programu hiyo iliuzwa. Wapenzi wengi, badala ya kuinunua, waliinakili na kupeana. Tarehe 3 Februari 1976 Gates aliwaandikia barua ya wazi. Alidai kwamba kati ya wenye Altair, waliokuwa wameinunua BASIC hawakufika asilimia 10, na kwamba malipo aliyoyapata kwa muda alioutumia hayakufika dola 2 kwa saa. Aliuliza nani atakubali kufanya kazi ya kitaalamu bila ujira. Swali lake halikuwa la upuuzi, na mtu mwadilifu hawezi kulipita bila kulijibu.

Jibu lililokuwa bora zaidi halikuwa matusi wala wizi zaidi, bali kazi. Dennis Allison alikuwa ameandika, katika jarida la People's Computer Company, maelezo ya lugha ndogo iitwayo Tiny BASIC, akawaalika wasomaji waitengeneze wenyewe. Dick Whipple na John Arnold, wa Tyler, Texas, walifanya hivyo. Kutokana na juhudi hizo lilizaliwa jarida jipya, Dr. Dobb's Journal, mwezi Januari 1976, ambalo lilichapisha programu nzima nzima kwa karatasi ili msomaji azinakili kwa mkono. Mwaka huo huo Li-Chen Wang alitoa Tiny BASIC yake iliyoenea katika kumbukumbu isiyozidi baiti 2048. Badala ya tangazo la kuhifadhi haki zote, aliandika tangazo la mzaha lililogeuza maneno hayo kinyume. Naye Tom Pittman aliuza Tiny BASIC yake kwa dola 5 tu, bei ambayo mtu wa kawaida angeona haya kuikwepa.

Tunaona basi njia tatu: kuuza kwa bei ya biashara, kuuza kwa bei ndogo, na kutoa bure kwa ridhaa ya mtungaji. Zote tatu ni halali. Njia ya nne, ya kuchukua bila ridhaa, si kugawana, ni kunyang'anya. Programu za huduma tunazozieleza hapa ni zile zilizotolewa na watungaji wenyewe kwa hiari.

MLANGO MMOJA WA KUOMBEA HUDUMA

Kulikuwa na kikwazo kingine. Kompyuta za awali hazikufanana. Mashine hii ilikuwa na diski ya namna moja, ile ya namna nyingine. Programu iliyojua kusoma diski ya kwanza ilishindwa kabisa mbele ya pili. Ufumbuzi ulitokana na mfumo wa uendeshaji ulioitwa CP/M, uliobuniwa na Gary Kildall mwaka 1974.

Mfumo huu uliigawa kazi. Sehemu moja ndogo, iliyoandikwa upya kwa kila aina ya mashine, ilijua tabia za diski na kibodi ya mashine hiyo. Sehemu kubwa iliyobaki ilikuwa ile ile kila mahali. Programu ilipohitaji kufungua faili au kuandika herufi katika kioo, haikugusa vifaa yenyewe. Iliweka namba ya ombi lake mahali maalumu, kisha ikaita anwani ya 5 katika kumbukumbu; mfumo ukatimiza ombi. Vivyo hivyo, kwa kawaida kila programu iliwekwa kuanzia anwani ya 256. Kwa mapatano hayo mawili, programu iliyoandikwa Chicago iliweza kufanya kazi katika mashine ya New Jersey ambayo mtungaji hakupata kuiona.

Diski ya kawaida ya CP/M ilikuwa bapa laini lenye upana wa inchi 8. Ilikuwa na mizingo 77, kila mzingo ukiwa na vipande 26, na kila kipande baiti 128. Tukizidisha tunapata baiti 256,256. Vyama vya watumiaji vilikusanya programu za wanachama, vikazipanga katika diski zenye namba, na kuzipeleka kwa posta kwa gharama ya diski na kazi ya kunakili. Aghalabu programu ziliambatana na matini yake ya asili, yaani maagizo kama alivyoyaandika mtungaji, pamoja na maelezo yake. Kwa hiyo aliyeipokea aliweza kuichunguza, kuisahihisha na kuirudisha ikiwa imeboreshwa. Kichwani mwa programu mtu aliweza kusoma orodha ya marekebisho: tarehe fulani, fulani ameondoa kosa hili, tarehe fulani, mwingine ameongeza jambo lile.

Sasa tuzitazame kazi tatu za programu hizo.

KAZI YA KWANZA: KUFUFUA FAILI LILILOFUTWA

Katika diski ya CP/M sehemu ndogo hutengwa kuwa orodha ya mafaili. Kila ingizo la orodha hiyo lina baiti 32. Baiti ya kwanza huonyesha namba ya mtumiaji, kwa kawaida 0. Baiti 8 zinazofuata ni jina la faili, na 3 baada ya hizo ni aina yake. Baiti 16 za mwisho huonyesha ni sehemu zipi za diski zilizobeba yaliyomo katika faili.

Je, faili linapofutwa hutokea nini? Watu wengi hudhani kwamba yaliyomo hufutika kama chaki ubaoni. Sivyo. Mfumo hubadilisha baiti moja tu: ile ya kwanza, ambayo hugeuzwa kuwa 229. Alama hiyo maana yake ni "nafasi hii i wazi". Jina limebaki, orodha ya sehemu imebaki, na yaliyomo yamebaki pale pale. Namba 229 haikuchaguliwa ovyo: diski mpya zilijazwa namba hiyo kila mahali wakati wa kuandaliwa, kwa hiyo diski mpya ilionekana tangu mwanzo kuwa na orodha tupu.

Sasa ufufuaji ni dhahiri. Programu ya huduma husoma orodha, hutafuta ingizo lenye jina linalotakiwa na linaloanza kwa 229, kisha hurudisha 0 mahali pake. Faili limerudi. Lakini kuna sharti. Maadamu nafasi imetangazwa kuwa wazi, mfumo una ruhusa ya kuandika kitu kingine hapo wakati wowote. Likiandikwa faili jipya juu ya sehemu zile, ya zamani hayarudi tena. Ndiyo sababu nilimzuia mwanafunzi wangu asiandike chochote katika flashi yake.

Mfumo wa DOS, uliofuata mambo mengi ya CP/M, ulitumia namba hiyo hiyo 229, lakini iliwekwa juu ya herufi ya kwanza ya jina. Flashi zilizoandaliwa kwa utaratibu wa FAT hufanya hivyo hata leo, na hapo tumepata sababu ya herufi zilizopotea.

KAZI YA PILI: KUPELEKA FAILI KWA SIMU

Posta huchukua siku. Simu huchukua dakika. Chombo kiitwacho modemu hugeuza biti kuwa sauti ili zipite katika waya wa simu, na modemu ya upande wa pili huzigeuza tena kuwa biti. Shida ni kwamba waya wa simu una makelele. Watu wawili wakizungumza, mlio mdogo hauwadhuru, kwa kuwa sikio hujaza lililokosekana. Programu haina sikio la namna hiyo. Biti moja ikigeuka kati ya maelfu, agizo la "jumlisha" laweza kuwa agizo la "ruka".

Mwaka 1977 Ward Christensen wa Chicago aliandika programu aliyoiita MODEM, akaitoa bure kwa chama cha watumiaji wa CP/M. Utaratibu wake wa kupeleka mafaili ulikuja kujulikana kwa jina la XMODEM. Faili hukatwa katika mafungu ya baiti 128, sawa na kipande kimoja cha diski. Kila fungu husafiri pamoja na baiti nne za ulinzi:

Kwanza, baiti yenye thamani 1, ya kutangaza kwamba fungu linaanza.
Pili, namba ya fungu.
Tatu, 255 ukitoa namba ya fungu. Mathalani, fungu la 5 hubeba 5 na 250. Jumla isipokuwa 255, namba imeharibika njiani.
Kisha baiti 128 zenyewe.
Mwisho, namba ya uhakiki: jumla ya baiti zote 128, ikigawanywa kwa 256, na baki ndiyo huandikwa.

Mpokeaji hujumlisha mwenyewe. Akipata baki ile ile, hujibu kwa baiti 6, yaani "nimepokea". Asipopata, hujibu kwa baiti 21, yaani "sikupokea vema", na mpelekaji hurudia fungu lile lile. Mafungu yakiisha, mpelekaji hutuma baiti 4. Hakuna fungu linalofuata kabla lililotangulia halijakubaliwa.

Tuchukue mfano mdogo, tukijifanya kwamba fungu zima ni neno BARABARA. Katika msimbo wa kawaida wa herufi, A ni 65, B ni 66, na R ni 82. Jumla ni:

(2 × 66) + (4 × 65) + (2 × 82) = 132 + 260 + 164 = 556

Tukigawanya 556 kwa 256 tunapata 2 na baki 44. Namba ya uhakiki ni 44. Sasa makelele yageuze biti moja ya R ya kwanza, 82 iwe 80, ambayo ni herufi P. Neno limekuwa BAPABARA, jumla ni 554, baki ni 42. Mpokeaji ameletewa 44 lakini amepata 42, atalikataa fungu.

Je, ulinzi huu ni kamili? La. Herufi mbili zikibadilishana mahali, neno likawa RABABARA, jumla itabaki 556 na kosa halitaonekana. Pia makosa mawili, moja likiongeza na jingine likipunguza kiasi kile kile, hufichana. Kwa sababu hiyo watu wengine baadaye waliongeza uhakiki wa biti 16 unaojali mahali pa kila biti. Kwa kuwa utaratibu ulikuwa wazi kwa wote, udhaifu wake ulionekana na ukarekebishwa.

Tuhesabu muda. Kwa kasi ya biti 300 kwa sekunde, na kila baiti ikisafiri kwa biti 10 (8 zake mwenyewe, 1 ya kuanzia na 1 ya kumalizia), baiti 30 hupita kwa sekunde. Programu ya baiti 8,192 ina mafungu 64. Kila fungu ni baiti 132, jumla 8,448, nazo huchukua sekunde 282 hivi, yaani dakika 4 na sekunde 42, mbali na muda wa kusubiri majibu. Diski nzima yenye mafungu 2,002 ingechukua zaidi ya saa mbili na dakika 26. Gharama ya simu ya masafa marefu ikihesabiwa kwa dakika, jambo hili halikuwa dogo.

KAZI YA TATU: KUBANA FAILI

Hapo ndipo ilipohitajika huduma ya tatu: kulibana faili kabla ya kulipeleka. Mnamo 1981 Richard Greenlaw aliwatolea wenzake programu ya kubana, SQ, na ya kufungua, USQ. Njia aliyoitumia ilikuwa imebuniwa na David Huffman mwaka 1952.

Wazo lake ni jepesi. Katika kuhifadhi kwa kawaida kila herufi hupewa biti 8, iwe hutumika mara elfu au mara moja. Huo ni ufujaji. Herufi zinazotumika sana zipewe alama fupi, na za nadra zipewe ndefu. Turudi kwenye neno letu. BARABARA ina A nne, B mbili na R mbili. Twaanza kwa kuunganisha zile mbili zenye hesabu ndogo kabisa, B na R, tukapata kundi lenye hesabu 4. Kundi hilo twaliunganisha na A, yenye hesabu 4, tukapata 8, na kazi imekwisha. Kila tulipounganisha, upande mmoja tunaupa 0 na mwingine 1:

A = 0
B = 10
R = 11

Neno zima huandikwa 100110100110. Ni biti 12, badala ya 64. Je, msomaji wa biti hizo atajuaje mwisho wa kila herufi, maana hapana nafasi kati yake? Tazama kwamba hakuna alama iliyo mwanzo wa alama nyingine. Akianza kusoma: 1 haimaanishi kitu, 10 ni B. Halafu 0 ni A. Halafu 11 ni R. Halafu 0 ni A. Hawezi kupotea njia.

Tuseme kweli: neno letu limechaguliwa kwa upole. Matini ya kawaida ina herufi nyingi tofauti, kwa hiyo akiba yake ni ndogo zaidi. Tena faili lililobanwa hubeba pia jedwali la alama zake, kwani bila hilo halifunguki. Na faili ambalo baiti zake zote hutumika kwa kiasi sawa halibaniki kwa njia hii hata kidogo. Lakini kwa barua, maelezo na matini za programu, kila biti iliyookolewa ilikuwa fedha iliyobaki mfukoni.

Lakini kubana kunaongeza hatari ya makosa. Katika faili la kawaida biti moja iliyogeuka huharibu herufi moja. Katika faili lililobanwa yaweza kuwapotosha wasomaji wa herufi nyingi zinazofuata. Kwa hiyo uhakiki na ubanaji huenda pamoja; kadiri mzigo unavyofungwa kwa kubana, ndivyo unavyohitaji mlinzi mwaminifu zaidi.

UBAO WA MATANGAZO WA CHICAGO

Mapema mwaka 1978 dhoruba kubwa ya theluji iliufunga mji wa Chicago. Ward Christensen na rafiki yake Randy Suess walitumia wakati huo kuanza kazi waliyoiita CBBS: kompyuta iliyounganishwa na simu, ambayo mtu yeyote mwenye modemu aliweza kuipigia, akasoma matangazo ya wenzake na kuacha lake, kama watu wanavyobandika karatasi katika ubao wa chama. Ilifunguliwa rasmi tarehe 16 Februari 1978. Kwa kuwa ilikuwa na laini moja, aliyepiga alihudumiwa peke yake mpaka amalize. Mfano huo uliigwa katika nchi nyingi, na mifumo iliyofuata iliongeza uwezo wa kuchukua na kuacha mafaili kwa utaratibu wa XMODEM. Suess alifariki mwaka 2019, Christensen mwaka 2024. Utaratibu wa Christensen ungali ukitumika katika vifaa vidogo ambavyo programu zake huingizwa kwa waya.

MAMBO YA KUJIFUNZA

Kutokana na habari hizi tunaweza kuchuma mambo matatu.

La kwanza, kugawana huhitaji mapatano kabla ya ukarimu. Kaseti ya Kansas City, anwani ya 5 ya CP/M, na fungu la baiti 128 ni mambo madogo yasiyompa mtu sifa kubwa, lakini bila hayo hata mwenye moyo wa kutoa hana namna ya kutoa.

La pili, kitu kinachogawanwa lazima kiweze kuhakikiwa. Leo tunapochukua programu kutoka katika intaneti, aghalabu huwekwa pamoja nayo namba ndefu ya uhakiki ya biti 256. Ni mrithi wa ile namba 44 tuliyoikokotoa, ijapokuwa ni imara zaidi sana. Wanafunzi wengi huipita bila kuitazama. Wasifanye hivyo. Vilevile njia ya Huffman ni sehemu ya utaratibu wa kubana uliomo katika mafaili ya ZIP tunayotumiana kila siku.

La tatu, programu inayotolewa pamoja na matini yake hufundisha. Aliyepokea MODEM mwaka 1977 hakupata tu chombo cha kupelekea mafaili. Alipata somo la namna chombo hicho kilivyotengenezwa. Katika vyuo vyetu tunao vijana wanaotumia zana za wengine kutwa kucha bila kufungua matini yake hata mara moja. Zana hizo ziko wazi na ruhusa imetolewa. Kinachokosekana ni desturi ya kusoma, na baada ya kusoma, desturi ya kurudisha kilichoboreshwa, hata kama ni mstari mmoja.

Mwanafunzi wangu alimaliza tasnifu yake. Kabla hajaondoka nilimwomba afanye jambo moja: amwandikie yule mtungaji wa programu iliyomwokoa, amshukuru, na amweleze mahali pamoja ambapo maelezo yake hayakueleweka. Alifanya hivyo, na maelezo yakasahihishwa. Kichwani mwa programu ile sasa limo jina moja zaidi.

MAZOEZI

1. M ni 77, A ni 65, na B ni 66. Tafuta namba ya uhakiki ya neno MAMBA. Je, neno likifika likiwa MBAMA, kosa litagunduliwa?

2. Tunga alama za Huffman kwa neno MAMBA. Neno zima litachukua biti ngapi badala ya 40?

3. Fungu la 37 hubeba namba ipi katika baiti ya tatu ya ulinzi iliyo mwanzoni? Na faili la baiti 8,192 litachukua muda gani kwa kasi ya biti 1,200 kwa sekunde?

Majibu: (1) Jumla ni 350, baki 94, kosa halitagunduliwa, kwa kuwa jumla haikubadilika. (2) Biti 8; mathalani M = 0, A = 10, B = 11. (3) 218, sekunde 70 hivi, mbali na muda wa kusubiri majibu.